Kifua cha Mzee Nasuru

"Imelala tena," alisema Daktari Obore kwenye simu, bila hata salamu. "Nimefungua folda yenu, majina nayaona yote. Nikigusa picha, kompyuta nzima inaganda. Hata kalenda haifunguki. Swabur, mimi nitakuwa nachomoa waya ukutani mpaka lini?"

Swabur alikuwa amesimama katika chumba cha eksirei cha kliniki moja ya Busia, upande wa Uganda, aproni nzito ya risasi, ya kuzuia mionzi, bado begani. Kazi yake ilikuwa kupiga picha. Kompyuta zilimwangukia tu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuzitazama. Kliniki haikuwa na daktari wa kusoma picha hizo. Daktari alikuwa Tororo. Kila picha iliyopigwa ilitunzwa kwenye kompyuta iliyokaa chini ya meza ya Swabur, na Obore aliifungua folda hiyo kutoka kwake, kwa njia ya intaneti, kana kwamba imo ndani ya mashine yake mwenyewe. Ilipokubali, mgonjwa alipata majibu kabla chai haijapoa. Ilipokataa, watu walikaa kwenye benchi la korido wakihesabu vigae.

"Ngoja niangalie, daktari."

"Umeangalia wiki nzima."

Mlango ukafunguka. Alikuwa Madam Asio, mwenye kliniki, na hakujali kwamba korido yote inamsikia. "Swabur! Watu wananiuliza kama hapa tunauza picha au tunauza benchi."

Benchi likacheka. Swabur naye akacheka kidogo, jinsi mtu anavyocheka akikanyagwa mguu na mkubwa wake.

Akaanza na yaliyo rahisi. Alituma ujumbe mfupi wa majaribio kutoka kompyuta yake hadi ya Tororo, ukaenda, ukarudi. Akazima, akawasha. Akabadilisha waya. Akampigia Obore, na Obore akafungua picha mbili tatu bila shida, akashukuru, akakata simu. Kabla Swabur hajakaa, simu ikaita. Imeganda. Hilo ndilo lililomchosha. Kitu kibovu utakijua kwa ubovu wake, lakini hiki kilikuwa kizima kila alipokikazia macho, kikaharibika alipogeuka.

Siku hiyo hakugeuka. Alimwomba Obore asikate simu, akavuta kiti mbele ya modemu ndogo iliyowekwa dirishani, akaitazama kama paka anayevizia tundu la panya. Nje, malori yalijipanga kuelekea forodhani, na ng'ambo yake mabati ya Busia ya Kenya yaling'aa kwa jua. Baada ya muda aliona. Taa ya modemu ilififia, ikawaka kwa rangi nyingine, na jina la mtandao kwenye kioo chake likabadilika. Lilikuwa la Uganda. Likawa la Kenya.

"Sasa imeganda," sauti ya Obore ikasema sikioni mwake.

Kila mtu wa Busia analijua jambo hili kwa simu yake. Umekaa kibarazani kwako Uganda, simu inakukaribisha Kenya. Modemu nayo ilikuwa ikirukaruka kati ya minara ya pande mbili, ikishika ule ulioita kwa nguvu zaidi wakati huo, na kila iliporuka ilipewa anwani mpya. Kompyuta ya Tororo haikuambiwa. Iliendelea kuuliza kwenye anwani ya zamani, na kwa kuwa hakuna aliyejibu wala aliyeikatalia, ilisubiri. Ilisubiri huku imeshikilia kila kitu, hata kalenda ya daktari.

Kujua ugonjwa hakukuleta dawa. Aliihamisha modemu ukuta wa nyuma na kuisimamishia sufuria upande wa Kenya, ili izuie mawimbi ya huko. Ikatulia asubuhi, mchana ikaruka. Akaifunga ishike mtandao wa Uganda peke yake; alasiri mnara ukalemewa, na kliniki ikakosa intaneti kabisa. Dawa ya kweli ilikuwa kuvutiwa waya wa intaneti kutoka mjini.

"Waya?" Madam Asio alisema. "Hata umeme wenyewe nauomba kwa magoti. Fanya kitu, wewe si ndio fundi? Obore akituacha, hawa wote watapanda gari waende Tororo. Na wewe utabaki unapiga picha za nani?"

&nbsp;

Nyumbani kwao, mtaa wa Sofia, chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Walikuwa watano: Swabur, mkewe Sakinah, binti yao mdogo Zaituni, na wazazi wake Swabur, Mzee Nasuru na Mama Fatumah. Mzee Nasuru alikuwa dereva wa malori ya masafa. Mwanzoni mwa mwaka homa ya mapafu ilimlaza. Alipopata nafuu, Swabur alimpiga picha, Obore akasema kifua kimesafika. Lakini kikohozi kilirudi, kidogo kidogo, kama mgeni anayesahau vitu vyake kwa makusudi.

"Huyo daktari wenu wa Tororo, ameshaanza kuziona picha zenu?" mzee aliuliza.

"Mashine ndiyo inasumbua, baba."

"Mimi gari likinifia njiani nalala chini yake mpaka litembee. Wewe yako imekufa, umekuja kula." Alitaka kucheka, kikohozi kikamkata. Zaituni, aliyekuwa amekaa katikati ya miguu ya babu yake, akampa kikombe. Mzee akanywa, mtoto akamalizia maji yaliyobaki.

"Mwache mwanao ale," Fatumah alisema.

"Simkatazi. Chakula si changu."

Sakinah akainamisha uso. Ni yeye aliyekuwa akivuka mpaka na vitenge kila siku, akirudi na unga, mafuta na sabuni, na alijitahidi sana kuviweka jikoni wakati mkwewe hayupo sebuleni. Haikusaidia. Mzee alikuwa ameacha sukari kwenye chai akidai imemchosha, na kila mtu nyumbani alijua kwamba haikumchosha.

Tajiri wake wa zamani, Omaido, hakuwa amemfukuza. Alimwambia tu kwa upole uliouma kuliko matusi: "Mzee, gari lako lipo. Daktari aseme kifua kizima, kesho unaondoka. Ukiniangukia njiani, watu watasema nimekuua."

"Basi nipige hiyo picha," Mzee Nasuru alimwambia mwanawe usoni. "Au mpaka niombe kwa Madam?"

"Nitengeneze mashine kwanza, baba. Wiki ijayo."

&nbsp;

Jumamosi Swabur alikwenda Tororo. Chumba cha Obore kilikuwa nyuma ya duka la dawa, na mwamba wa Tororo ulijaza nusu ya dirisha lake. Obore mwenyewe hakuwa mtu mkali kama sauti yake ya simuni. Alikuwa mtu aliyechoka, anayesoma picha za kliniki za miji kadhaa, macho mekundu, chai ikiganda utando pembeni ya kibodi.

"Niambie kweli," alisema. "Itapona? Maana nimeshamwandikia Madam barua ya kuacha kazi, kichwani. Bado mkono tu."

"Nimekuja na nakala za picha zote za zamani; kompyuta yako itazitunza, pamoja na ya kila mpya unayofungua," Swabur alieleza. "Ikiuliza Busia, na Busia isijibu, isisubiri. Ikupe nakala iliyo nayo."

"Haitaganda?"

"Haitaganda."

"Basi fanya."

Swabur akafanya. Walijaribu, Obore akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, na hata modemu ya Busia iliporuka, dirisha lake halikusimama. Akacheka kwa sauti. Akampigapiga Swabur begani.

"Ila, daktari, kama ni mgonjwa aliyerudi, ubonyeze hapa kwanza, ili isije ikakupa ya..."

Simu ya Obore ikaita. Aliinua kidole kumwomba asubiri, akazungumza kwa muda mrefu kuhusu nyonga ya mtu fulani. Alipomaliza alikuwa ameshachukua kofia. Swabur aliutazama uso ule uliolegea kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi za lawama, akaona haya kuuharibu. Akasema kwaheri. Njiani kurudi alikumbuka kwamba kule Busia, kwa amri ya Madam Asio ya kuokoa nafasi, picha mpya ya mgonjwa huandikwa juu ya ile ya zamani, kwa namba ile ile ya kadi. Akajiambia atampigia Obore Jumatatu. Jumatatu korido ilijaa, picha zikasomwa zote, Madam Asio akampelekea soda mbele ya watu. Hakupiga simu.

&nbsp;

"Vuta pumzi, baba. Izuie."

Mzee Nasuru, kifua wazi, alikumbatia ubao wa mashine. Mbavu zake zilionekana kuwa za mtu mwingine. Akazuia, lakini kikohozi kilimponyoka mwishoni.

Picha ilipotokea kwenye kioo, Swabur aliona wingu jeupe juu ya pafu la kulia, chini ya mfupa wa bega. Alilitazama. Akajiambia: amekohoa, ametikisika. Akataka kurudia, lakini mlangoni kulikuwa na mama mwenye mtoto anayelia, na nyuma yake wengine. Kusoma picha si kazi yake. Akaihifadhi. Kwenye ukuta wa nyuma, modemu ikabadilisha rangi.

Majibu ya Tororo yalikuja kabla mzee hajafunga vifungo vya shati. *Kifua ni safi, kama nilivyoeleza mara ya kwanza.*

"Soma tena," mzee alisema.

Swabur akasoma tena.

"Alhamdulillahi." Mzee Nasuru alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akajifanya ni jasho.

Jioni alichinja jogoo mwenyewe. Fatumah alipika wali wa harufu mpaka majirani wakapiga hodi bila sababu. Mzee aliweka sukari kwenye chai yake, kijiko kikifuatana na kijiko, na Sakinah akacheka kwa mara ya kwanza mbele ya mkwewe bila kuziba mdomo. Zaituni alilala mapajani kwa babu, kichwa kifuani.

"Unasikia nini humo?" mzee alimuuliza.

"Gari," mtoto akajibu, na nyumba nzima ikacheka.

Swabur alikula. Lile wingu lilimjia mara moja, akalimeza pamoja na tonge. Obore amesoma, alijisemea. Mimi ni nani?

&nbsp;

Karibu majuma matatu yalipita. Omaido alikuwa akisubiri mzigo, na ulipopatikana, Mzee Nasuru aliondoka nyumbani asubuhi na mfuko wake kwenda kwenye yadi ya malori. Safari ilikuwa ya Eldoret.

Asubuhi hiyo hiyo, kwenye kliniki, mama mmoja muuza samaki aitwaye Akwi alikuwa akibishana na nesi. Alivunjika mkono miezi ya nyuma, akafungwa plasta, ikatolewa; amerudi kuhakikisha tu. Majibu ya Tororo yalisema mfupa umevunjika na haujaanza kuunga. Nesi alikuwa ameshalowesha plasta nyingine.

"Lakini hauumi!" Akwi alipiga kelele, akiuzungusha mkono hewani. "Jana nimebeba karai la samaki na huu mkono! Nyinyi mnataka kunifunga ya nini?"

Swabur alifungua picha aliyoipiga muda mfupi uliopita. Mfupa ulikuwa umeunga, mnene na mweupe pale ulipovunjika. Akasoma tena maneno ya Obore. Daktari alikuwa ameeleza mkono wa miezi ya nyuma.

Hakuwa akimfikiria Akwi tena. Akapiga simu Tororo.

"Daktari, fungua namba ninayokutajia. Lakini kwanza bonyeza pale nilipokuonyesha, isome upya."

"Wapi? Hukunionyesha."

Swabur akamwelekeza. Akasikia kibodi. Akasikia Obore akipumua.

"Inazunguka."

"Ngoja."

"Bado inazunguka. Swabur, imeganda."

Swabur aliitazama modemu: jina la Kenya. Akaitoa nyuma ya sufuria, akaichomeka kwenye waya mrefu wa umeme, akatoka nayo mlango wa nyuma hadi uani, mkono juu, akiielekeza upande wa Tororo kama mtu anayeomba mvua. Wagonjwa wakamtazama kupitia dirishani. Mmoja akasema, "Huyu naye ameugua." Taa ikafifia. Ikawaka.

"Jaribu tena."

Obore akasema, "Imefunguka." Kisha akauliza, "Nani huyu Nasuru?"

"Ni baba yangu."

"Mimi nilisoma ipi?"

"Ya zamani. Nakala iliyobaki kwako."

"Tarehe iko pembeni," Obore alisema taratibu. "Ni ndogo, lakini ipo. Sikuitazama." Akavuta pumzi. "Swabur, hii uliipiga wewe. Juu kulia. Hukuona?"

Angeweza kusema hapana.

"Niliona."

"Apimwe makohozi leo. Leo, unanisikia? Na kuna watoto wadogo hapo nyumbani?"

Swabur akaiweka modemu chini. Akakimbilia yadi ya malori.

&nbsp;

Mzee Nasuru alikuwa ameshapanda lori. Alivaa shati lake la Ijumaa, mkono mmoja nje ya dirisha, akiwatania madereva wenzake kwa Kiswahili cha barabarani, na wao wakimwita Kamanda. Omaido alikuwa amesimama chini, akigongagonga tairi kwa kiatu.

"Baba, shuka kidogo."

"Umeniletea nini?"

"Shuka tu, baba. Tuongee pembeni."

"Sina pembeni. Sema, geti linafunguliwa."

Swabur aliwatazama wale watu. Injini ilikuwa inanguruma, na alipaswa kupandisha sauti ili asikike. "Yale majibu hayakuwa yako. Mashine ilimpa daktari picha ya zamani. Kifua chako bado kinaumwa."

Madereva wakageuka. Mzee Nasuru akazima injini, na hapo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa kila neno lilisikika.

"Mashine gani?"

"Hii yetu. Niliitengeneza isigande. Ndiyo ikatoa ya zamani."

"Kwa hiyo uliitengeneza."

"Ndiyo, baba."

"Uliniambia mzima mbele ya mama yako," mzee alisema. "Leo unaniambia mgonjwa mbele ya tajiri wangu. Unajua kuchagua mahali."

Akakohoa, na safari hii kila mtu alikisikiliza kikohozi. Omaido alirudi nyuma, kiganja puani, akijifanya anajikuna.

"Shuka, mzee wangu," alisema. "Pole. Mungu atasaidia. Utarudi." Kisha, kabla mguu wa mzee haujagusa ardhi, akageuka na kuagiza: "Leteni maji na sabuni. Futeni huo usukani."

Swabur alinyoosha mkono apokee mfuko. Mzee Nasuru akauhamishia upande wa pili. Alikataa bodaboda. Alitembea mbele kwa miguu, katikati ya mji, mwanawe akimfuata kwa umbali wa mtu anayedai.

&nbsp;

Katika kituo cha afya cha serikali makohozi yalipimwa, ikawa kifua kikuu. Dawa zilikuwepo. Muuguzi alisema mzee atapona akizimeza bila kuruka, ila kwa majuma ya mwanzo akae nje penye hewa, alale peke yake, asimbebe mtoto. Kisha akapima nyumba nzima. Wakubwa walikuwa salama. Zaituni hakuwa salama.

Sakinah hakulia pale kituoni. Aliuliza swali nyumbani, akikunja vitenge.

"Ile siku ya jogoo, mtoto alilala kifuani kwake. Wewe ulijua?"

"Sikujua."

"Lakini uliona. Mama ameniambia umemwambia uliona."

"Niliona kitu, Sakinah. Nilidhani ametikisika."

Akaendelea kukunja. Tangu siku hiyo aliongea naye mambo ya unga na maji tu.

Kliniki haikumfukuza Swabur. Madam Asio aliwaambia watu ni hitilafu ya mtandao, akamtaka asiseme zaidi. Obore alikuja mwenyewe kutoka Tororo, wakakaa siku nzima wakipitia kila mgonjwa aliyerudi tangu ile Jumamosi. Wengi hawakuwa na tofauti. Wachache waliitwa. Mwanamume mmoja wa upande wa Kenya simu yake haikuita tena, na aliyetumwa kumtafuta alirudi akisema amehama. Swabur alizifuta nakala zote kwenye kompyuta ya daktari, na folda ikarudi kuganda kama zamani. Waya haukuletwa. Korido ilijaa, na kila Obore alipopiga simu, alisema tu, "Imelala. Nangoja."

Mzee Nasuru hakusema na mwanawe. Alipokea dawa mkononi kwa Fatumah. Mkeka wake ulitandikwa nje, kwenye ukuta wa upande wa barabara, na madereva waliopita walimpungia mkono bila kusimama.

Asubuhi ya kwanza ya dawa za mtoto, Sakinah alimwaga unga wa dawa kwenye kijiko cha maji, akamkabidhi mumewe.

"Mpe wewe," alisema, akajitwisha mzigo wa vitenge, akatoka.

Zaituni alionja, akatema. Swabur akachanganya tena. Mtoto akabana meno, akageuza kichwa, akaanza kulia kwa sauti iliyosikika mpaka kwa majirani. Fatumah alisimama mlangoni, mikono imekunjwa, asisogee.

"Zaituni."

Ilikuwa sauti ya mzee, kutoka kwenye mkeka wake.

"Tazama huku. Babu naye anakula zake."

Alimwaga vidonge vyake kiganjani, vikubwa, vyekundu, akavinyanyua mtoto avione. Akavitia mdomoni kimoja kimoja, akanywa maji, akafunua mdomo wazi kabisa, ulimi nje, kuonyesha kwamba havimo.

"Haya. Na wewe."

Mtoto akapokea kijiko. Akameza, uso ukijikunja wote.

"Nionyeshe."

Zaituni akafunua mdomo. Babu akapiga makofi. Na mtoto, akidhani adhabu imekwisha, akajirusha kutoka mikononi mwa baba yake, akakimbia uani kuelekea mkekani, mikono mbele, akicheka huku pua bado inatiririka.

Mzee Nasuru alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Akainua viganja vyote viwili, kama anayezuia lori.

"Mshike!" alimwambia mwanawe.

Swabur alimdaka kiunoni. Mtoto alirusha mateke, akapiga kelele, akamwuma mkono.

"Usimwachie," mzee alisema, ameshageuza uso upande wa barabara. "Mshike hivyo hivyo."